Siku Magari Yalipotupisha

Wambui mjukuu wangu,

Hapa Ruiru tuko salama. Cucu, bibi yako, anakusalimia sana. Goti lake limepata nafuu, sasa anaenda kanisani bila fimbo.

Unasema mwalimu wako wa mipango miji ameuliza kama mstari wa rangi unatosha kutenga baiskeli na magari. Mimi nilikuwa na mstari huo.

Nikiwa kijana kiwandani Thika, tulikuwa tukirudi nyumbani kwa baiskeli, tumebanana pembeni, nje ya mstari mweupe. Jioni moja lori liliuvuka likamgonga Kamau, rafiki yangu. Hayo mengine niachie.

Siku ya mazishi tulifuata desturi yetu sisi wa baiskeli: hakuna aliyepanda yake. Kila mtu alisukuma baiskeli yake, na ile ya Kamau ikatangulia, ikisukumwa na ndugu yake. Tulijaza barabara nzima. Magari yalisimama kando, na hakuna dereva aliyepiga honi.

Nilikuwa nikitembea huku nikiwaza: kumbe nafasi ilikuwepo.

Mwambie mwalimu wako mstari hautoshi; lazima kuwe na ukingo wa mawe. Na ukichora barabara, mama, tupe nafasi hiyo tukiwa hai.

Ni mimi babu yako, Guka.