Mahindi ya Editha

Jumamosi, wiki ya tatu ya Kwaresima. Mvua imenyesha tangu alfajiri, milima ya Matogoro haionekani, nguo za jana bado mbichi kambani. Na mimi nina kinyaa. Nimepiga mswaki mara tatu, nimetafuna tangawizi, wapi!

Acha niandike, labda kitatoka.

Editha ni jirani yangu, mjane. Mumewe alifariki mwaka jana wakati wa kiangazi. Shamba lake la bondeni linapakana na la Gaudensi, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani. Mwezi uliopita, Editha akiwa ameshapanda na ameshapalilia, Gaudensi aling'oa mikonge ya mpaka akaipanda upya katikati ya mahindi ya mwenzake. Kahamisha mpaka kama mtu anavyosogeza kiti. Eti marehemu ndiye aliyeiba, yeye anarudisha tu chake. Marehemu! Mtu asiyeweza kujibu.

Mimi najua mpaka ulipokuwa, kwenye jiwe kubwa jeupe. Siku ulipowekwa nilikuwepo, nimeolewa juzijuzi tu, miche ya mkonge niliibeba mwenyewe kichwani kwenye beseni. Huku kwetu mpaka haupandwi bila majirani kushuhudia, na kazi ikiisha mnakula pamoja palepale shambani. Tulikula ugali na maharage. Gaudensi naye alikula. Wengine wote waliokuwepo wameshatangulia, tumebaki mimi na yeye.

Jumanne mtendaji wa mtaa alikuja kuuliza. "Mama Neema, wewe ni mtu wa zamani hapa. Mpaka ulikuwa wapi?"

Nikasema sikumbuki vizuri.

Sikumbuki! Mimi ninayekumbuka hadi rangi ya lile beseni. Editha alikuwa amesimama pembeni. Aliniangalia, akaangalia chini. Heri angenitukana.

Nitasema ukweli kwa nini. Binti yangu Neema anafunga ndoa baada ya Pasaka, na parokiani hawamwandikishi mtu bila barua ya jumuiya. Mwenyekiti asipotia sahihi, hakuna ndoa. Wala hakunitisha. Alipita tu nyumbani Jumatatu, akasema, "Barua ya binti ilete wakati wowote, mama, sisi ni ndugu." Akatabasamu. Nikamwelewa vizuri sana.

Tangu Jumanne sala yangu ikawa moja: Ee Mungu, nisiulizwe tena. Rozari nzima naombea ujinga huo. Mtu mzima!

Jana jioni tulikuwa na Njia ya Msalaba uani kwa Gaudensi. Nikapangiwa kituo cha kwanza, pale Yesu anapohukumiwa na Pilato ananawa mikono. Miaka yote nimekisoma kituo hicho nikimdharau yule mtawala. Jana nilipofika kwenye yale maji nikarudia mstari mara mbili, watu wakadhani ni miwani. Kilichonichoma ni kwamba Pilato alijua. Hakuwa na shaka hata kidogo, alijua kabisa kwamba mtu yule hana kosa.

Tulipomaliza, mke wa Gaudensi akapita na jagi la maji, akitunawisha.

Nikanyoosha mikono. Nikanawa.

Halafu likaja sinia la mahindi ya kuchemsha. Niliuma kabla sijatazama. Jamani! Punje nyekundu mojamoja katikati ya nyeupe. Mbegu hiyo mtaa mzima anayo Editha peke yake, alipewa na mama yake kule Namtumbo, anaitunza juu ya moshi wa jiko. Kila mwanamke pale uani anaijua, tumeshamwomba wote. Na kila mmoja alikuwa anatafuna, macho chini. Editha mwenyewe amekaa mwisho wa mkeka, amekaribishwa hindi lake mwenyewe kama mgeni. Gaudensi akasema, "Kuleni ndugu zangu, mwaka huu Mungu ametubariki."

Nilimwonea kinyaa yeye, nikawaonea wenzangu, lakini zaidi nilikionea kinywa changu, kilichokuwa kimejaa.

Sikusikia sauti yoyote kutoka mbinguni. Ila kila nilipotaka kumeza, yale maji ya Pilato yalirudi. Ndipo nikasali, kwa mara ya kwanza wiki hii, sala yenye akili: Bwana, nisimamishe wewe, maana miguu haitaki. Nikatema kwenye kiganja. Nikasimama.

"Baba mwenyekiti, haya mahindi ni ya Editha. Mpaka ulikuwa kwenye lile jiwe jeupe, mikonge niliibeba mimi. Jumanne nilidanganya."

Sauti ilitetemeka kama ya mbuzi. Mama mmoja akanivuta kitenge, akaninong'oneza, "Keti, Mama Neema, tuheshimu sala." Loo! Hiyo sala ndiyo iliyoninyanyua.

Gaudensi hakukasirika. Aliuliza taratibu, mbele ya watu wote, "Na barua ya binti sasa utampelekea nani?" Basi kajivua nguo mwenyewe. Kuna waliorudisha mahindi kwenye sinia. Kuna waliomaliza kula. Editha akalichukua hindi lake, akalifunga kwenye khanga, akaondoka nalo.

Nilimwambia Neema mwenyewe usiku uleule, hadi habari za beseni, kabla hajasikia kwa watu. Alilia. Sijui kama paroko atanisikiliza. Sijui jumuiya watanisalimu vipi kesho kanisani. Jumatatu narudi kwa mtendaji kufuta uongo wangu, na naogopa, nisijidanganye. Nitaenda na woga wangu hivyohivyo.

Asubuhi hii Neema kaingia jikoni, macho yamemvimba. Akaniuliza lile beseni lilikuwa rangi gani.

Nikamwambia kijani, lenye ufa ukingoni.

"Basi Jumatatu uwaambie na hilo, mama," akasema, akaanza kuosha vyombo.