Gunia la Chakula cha Madume

2 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mikono inanuka samaki hata nikioga mara mbili. Natumai wewe na mke wangu hamjambo. Huku bondeni simu haishiki, kwa hiyo barua atazileta dereva wa gari la vifaranga vya samaki, kila akipita huko kwetu.

Kazi yangu sasa ni kuchanganya chakula cha samaki. Bosi hataki majike: wanazaana ovyo, bwawa linajaa samaki wadogo kama kidole. Basi dawa ya homoni inayeyushwa kwenye spiriti, naivuruga na unga kwa mikono, kisha nauanika kivulini. Vifaranga wakiula tangu wadogo, wanakuwa madume karibu wote. Usicheke, ni kweli.

Nimekutumia gunia la mabaki, uwape kuku. Usiogope: spiriti ikikauka, dawa imekwenda nayo, ndivyo tunavyojua sisi wachanganyaji. Kilichobaki ni dagaa na pumba tu.

Mwanao

1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, sijui wewe na hiyo mikono yako. Chakula kimefika, kuku wanakigombania.

Habari yenyewe ni hii: mkeo ana mimba! Anatapika kila kitu, hata chai. Ila gunia lako, baba, limemwingia moyoni. Akienda kulisha kuku anachota unga, anaulamba kiganjani, ananiambia una chumvi nzuri. Nimemgombeza, akacheka, akaendelea na nyimbo zake. Nimemwacha. Mimba yako mimi nilikula chaki.

Mama yako

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimeruka mpaka nimeangusha beseni! Mpe pole mke wangu. Kama unga unamtuliza, namtumia gunia jingine, hili safi zaidi, nimelichekecha mwenyewe. Akizaliwa wa kike nitampa jina lako. Akizaliwa wa kiume nitampa hilohilo, atajijua.

Mwanao mwenye furaha

12 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mvua ilikata barabara, ndiyo maana nimekaa kimya. Tu wazima kiasi.

Yule tetea mweusi ameacha kutaga. Kichwani ameota upanga mwekundu kama wa jogoo, na jana amewika. Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, nilimtazama mkeo. Sauti yake imekuwa nzito, haimbi tena, na juu ya mdomo ana vinyweleo anavyovificha kwa mtandio. Unga bado anaulamba.

Nijibu kwa dereva huyuhuyu. Umetuletea nini?

Mama yako

14 Mei

Mama,

Dereva amewasha gari, sina muda wa salamu. Zika unga wote. Usiumwage, uzike. Mayai msile, kuku msichinje.

Nimemwendea mtaalamu anayetuletea dawa, nikamwuliza kama inakwenda na spiriti. Akacheka. Nikamweleza habari za mke wangu, akaacha kucheka. Dawa hubaki kwenye unga, Mama, ndiyo kazi yake. Naogopa sana. Mwambie mke wangu... hapana, usimwambie. Nakuja mwisho wa mwezi, nitamwambia mwenyewe.

Mwanao

28 Septemba

Mwanangu,

U hali gani? Dereva anasema u mzima, unakula vizuri, ila ukimwona yeye unaingia stoo. Ulisema unakuja mwisho wa Mei, hukuja, na miezi yote hii mkeo akisikia gari anafuta uso na kutoka nje. Mzigo wa kunyamaza uliniachia mimi, nikaubeba, na nimekukasirikia kweli.

Amejifungua jana asubuhi. Mtoto analia kwa nguvu, ananyonya, vidole vyote anavyo. Nampenda, sikufichi, nikimshika sitaki kumshusha. Mkeo akauliza ni wa kike au wa kiume. Mkunga akamfunua, akatazama, akamsogeza dirishani kwenye mwanga, akatazama tena, akamfunika. Alinivuta mlangoni akaniuliza mwanangu anafanya kazi gani.

Mkeo bado anauliza. Mtoto nimempa jina langu kama ulivyoahidi, litamfaa vyovyote awavyo. Nimemwomba dereva akuachie nafasi mbele. Usilete gunia wala zawadi. Njoo mikono mitupu, umjibu mkeo.

Mama yako, bibi wa mtoto