Kumutafutia Kabange Mahali

Siku ya pili, 7/10
Nilichukua Kabange ku masomo saa sita, sawa siku zote. Jua kali. Tulikula bukari na samaki. Kisha mujukuu wangu anakaa pa mulango, anaangalia ukuta mupaka mama yake, Georgette, anarudia ku soko ya mutaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Iko na miaka sita, hasemi kintu. Iko vile tangu mwaka jana, tangu kifo ya pacha wake Mbuyu. Georgette anasema nimutafutie kintu cha kufanya kisha masomo. Kama mutoto hachangamuke mbele ya mwisho wa mwezi, atamutuma Kipushi kwa dada yake. Hapana! Mi nilipiga ngoma kubwa mu fanfari ya kampuni miaka makumi mbili. Bazungu balisimama kunisikiliza. Nitashindwa na mutoto mumoja?

Siku ya ine, 9/10
Judo, mu chumba nyuma ya kanisa. Mwalimu ni kijana, shingo nene. Kabange ni jina ya pacha, njo akauliza kama iko na mwenzake, aandike majina yote mbili. Nilijibu kwa nguvu, bantu bote balisikia: iko mumoja, mwenzake alikufa. Kabange alikuwa ananishika mukono. Akauachia.
Jirani yangu Mama Odile alinivuta inje. “We Papa Ferdinand, uko muntu wa kwetu ao? Pacha hafe! Tunasema alirudia kwenye alitoka. Na kintu unapatia mumoja, unatoa bintu bibili, kimoja ya mwenzake!” Nilimuambia mi ni mukristu, nilibatizwa kabla yeye azaliwe. Akageuka, akaenda kwake. Nilimushinda.

Siku ya posho, 11/10
Nilinunua kimono moja. Mutoto ni mumoja.
Mwalimu ananiita. Kabange anaanguka, na mutoto anapambana naye hajamugusa bado. Anaanguka muzuri, sawa muntu anaangushwa. Nilijionea. Mara tisa. Bamama bengine balichukua batoto babo, bakaenda. Mwalimu anasema tutafute mahali pengine. Nilimuita muoga.
Kumuvulisha kimono, nikaona alama ya vidole ku mukono yake. Vidole vidogo. Ni joto, lakini ngozi yake iko baridi.

Siku ya kwanza, 13/10
Nitamufundisha mi mwenyewe. Hakuna mwalimu wa kunipita Lubumbashi yote. Nilitoa ngoma mu chumba, nikamupa fimbo mbili. Moja alibakia nayo. Ingine aliweka pa kiti cha pembeni. Nilimurudishia. Akaweka tena. Nilikasirika, nikalalamika. Kabange anaangalia kiti, haniangalie mi.
Mi siko muoga. Lakini nilirudisha ngoma mu chumba.

Siku ya tatu, 15/10
Korali ya batoto, ku parokia. Mama Bernadette anafundisha. Mu daftari yake majina kumi na moja. Anahesabu batoto, anapata kumi na mbili. Nilimucheka. Nilisoma miaka tatu tu, lakini kuhesabu hakuna wa kunifundisha. Nikahesabu na kidole. Kumi na mbili. Tena, polepole. Kumi na mbili. Tukaita majina, kila mumoja anaitika, Kabange anainua mukono tu. Kumi na moja.
Pembeni ya Kabange kuko nafasi ya mutoto mumoja. Bengine banabanana, hakuna anaikalia.
Niliogopa. Naandika, sababu hakuna atasoma.

Siku ya tano, 17/10
Georgette anafunga nguo za mutoto mu sakoshi. Hangoje tena mwisho wa mwezi. Kipushi siku ya kwanza. Nilipiga kelele, hakunisikia.
Kisha Kabange akasema na mi, babu yake. Hakugeuka, alikuwa anaangalia ukuta. “Nkambo, ulimufukuza Mbuyu mbele ya bantu.”
Mwaka muzima, na ile njo neno ya kwanza. Georgette akalia. Mi nilitoka inje.

Siku ya posho, 18/10
Nilienda kwa Mama Odile. Kuomba, kwangu, ni kazi ngumu. Alicheka mupaka akakaa chini. “Kichwa ya mbuzi! Uliisema mbele ya bantu, basi nenda useme mbele ya bantu.”
Saa nane, korali. Nilisimama mbele ya batoto na bamama. Nilisema: Mbuyu hakufa, alirudia. Mi Ferdinand nilikosa. Mama Bernadette, andika jina yake. Mama mumoja akacheka. Mama Bernadette hakucheka. Akaandika. Nilitoa bitambala bya shingo bibili, bya bulu sawa. Kimoja nilimufunga Kabange. Kingine nilikitandika pa ile nafasi.
Bakaimba. Kabange akafungua kinywa.

Siku ya Mungu, 19/10
Misa, kisha bukari. Georgette alitoa nguo mu sakoshi, akazifua. Hatukuongea juu ya Kipushi.
Mangaribi tulitembea kidogo. Miti inaangusha maua barabarani. Kabange anasema, anasema, njia yote, juu ya nyimbo. Wakati mungine ananyamaza, anageukia upande wa kushoto, anasikiliza, anacheka.
Mi nilitembea pembeni, karibu na mufereji. Nilibaachia njia, bo babili.