Ua la Mpungate, Si Ua wa Mpungate

Mama Lusekelo wangu,

Ugonile? Huku Mlandege nimeamka salama, ila mgongo wa mzee anayebanana dawatini na vijana wa chuo unayajua mambo yake. Magoti ya mama yanaendeleaje? Simu tumeona ilivyotuponza, ndiyo maana leo naandika kwa kalamu, kwa kirefu.

Nilipokutumia ujumbe, "Kata ua ya mpungate utume kwa basi," nilitaka ua moja tu, lile la njano linalochanua juu ya miiba, nimwonyeshe mwalimu wangu. Ningeandika "ua la" tungepona. Wewe ukaelewa uzio wa shamba, ukanipigia unahema: "Baba Lusekelo, nimekata mpaka kona ya choo, vipande vingine haviingii kwenye viroba. Mbuzi wa jirani wameshaanza maharage yangu. Hicho chuo kinawafundisha nini?"

Maharage yamekwenda, na maua yote niliyoyategemea kumalizia utafiti yalikuwa kwenye ua huohuo.

Viroba vilipofika stendi, utingo alivishusha kwa ncha za vidole, akaniuliza kama nafuga nungunungu. Kumbe vipande vilikuja na matumba yake. Nikavisimamisha dirishani, yakachanua humohumo chumbani. Nikayakausha kivulini, nikasaga, nikaloweka, nikachuja. Maji yake nikayatia kwenye dawa ya maabara yenye rangi ya zambarau, na zambarau yote ikapauka ikawa njano, kama kanga ya mnadani iliyofuliwa mara moja.

"Nimeharibu," nikamwambia mwalimu, binti wa rika la Lusekelo wetu.

"Baba, kupauka ndiko tunakokutafuta," akasema huku anacheka. "Maua yenu yana antioksidanti nyingi."

Ndivyo vile vitu vinavyopunguza kasi ya mwili kuchakaa. Najua utasema mimi nimevigundua nikiwa nimeshachelewa.

Basi namaliza, na narudi kabla ya mvua. Vipande vilivyobaki usivitupe. Viache kivulini mpaka vidonda vikauke, kisha vichomeke palepale ulipovikata. Hata ukivilaza vitashika.

Msalimie mama, na mdogo wangu fundi baiskeli, na dada yako anayeuza vitunguu Mbalizi. Jirani mwenye mbuzi mpe salamu fupi. Mwambie nikifika nitakaa hapo shambani na fimbo, kiti na miwani yangu. Mpaka mpungate ushike, ua ni mimi.

Ndaga fijo, asante sana, mke wangu.

Mumeo mwenye miiba vidoleni,
Baba Lusekelo