Ile Barua ya Kuaga Niliyokunakilia

Baba, shikamoo.

Najua hutaitikia, lakini nikianza kulalamika kabla sijakuamkia utasema nimekosa adabu, na leo nina malalamiko mengi. Nina hasira, Baba. Nina hasira tangu siku tuliyokurudisha Berega tukakulaza kaburini jirani na Bibi, na kila anayeniambia nishukuru kwa yote namwangalia tu.

Ile barua ndiyo inayoninyima usingizi.

Unakumbuka meneja alivyowakusanya nyuma ya jiko la hoteli, hapa Mikumi, akasema wageni wamepungua, mwisho wa mwezi kazi basi. Alisema kwa mdomo, hakumpa mtu karatasi. Miaka yote ile umewatengenezea mabomba, unaweka sikio ukutani na kuwaambia maji yanavuja wapi, halafu anakwambia basi kama anafukuza kuku. Wenzako walitukana wakaondoka. Wewe ulirudi nyumbani ukaomba daftari.

"Mtu haondoki kwa watu bila kuaga." Ndivyo mlivyofundishwa shule ya misheni, na wewe ulishika kweli kweli. Ulipoacha kwaya uliandika barua. Ulipohama ile nyumba ya kupanga uliandika barua, na mwenye nyumba mwenyewe hajui kusoma. Basi ukawaandikia na hawa: unashukuru, unaomba radhi ulipokosea, na kwa heshima unaomba kuondoka. Mkono ulikuwa unakutetemeka, ukanipa niinakili vizuri. Nikainakili. Tena mimi ndiye niliyekwambia tumalizie na "Mungu awabariki". Ukaweka sahihi, tukajiona tumefanya jambo la maana.

Miezi ikapita ndipo tukasikia kwamba aliyeachishwa kazi ana fao lake la kukosa ajira, kwenye mfuko ule ule wa hifadhi ya jamii uliokuwa ukichangia. Tukapanda basi mpaka ofisini kwao Morogoro. Yule binti wa dirishani hakukuamkia hata, alisema tu, "Mzee, barua ya kuachishwa iko wapi?" Hukuwa nayo. Akasema hotelini wameleta karatasi inayoonyesha uliacha mwenyewe, na anayeacha kwa hiari yake hapati. Akaigeuza tuione. Mwandiko wangu, Baba. Na "Mungu awabariki" pale chini.

Wewe ukamwambia, "Asante, mwanangu," ukainuka. Asante ya nini? Huko nje nilitaka kurudi nikapige kelele, ukanishika mkono ukasema tusiwasumbue watu, wako kazini. Siku ile nilikukasirikia wewe kuliko wao. Sikuwahi kukwambia, nakwambia leo.

Kilosa, ofisi ya kazi, yule bwana alitusikiliza vizuri. Akasema mngelalamika mapema, muda umeshapita. Nani alituambia kuna muda? Mfanyakazi anafundishwa kumkaribisha mgeni, anafundishwa mpaka kuzima moto. Siku ya kufukuzwa afanye nini, hilo hakuna anayemfundisha.

Bima nayo ikakatika pamoja na kazi. Ukaanza kumeza dawa za presha leo, kesho unaruka, na mimi unanificha. Baada ya mazishi niliinua godoro nikakuta vidonge vinne umevifunga kwenye karatasi ya daftari. Ulikuwa unamtunzia nani? Vidonge vinne, Baba, na presha ndiyo iliyokuua.

Sasa habari za huku. Mwezi uliopita sisi wa dobi, kwenye hoteli ninayofua, tuliitwa. Nyuma ya jiko tena. Wageni wamepungua, mwisho wa mwezi basi. Tulipotoka, Mama Neema akanifuata, akasema, "Wewe una mwandiko mzuri kama wa marehemu baba yako. Hebu tuandikie barua ya kuaga, tuondoke kwa amani." Nilimfokea mpaka akalia. Mtu ninayemwita dada. Baadaye nilimwomba radhi, tukakaa wote sita juu ya marobota ya mashuka machafu, nikawaeleza yaliyokupata.

Hatukuandika kitu. Asubuhi yake tulikwenda kwa meneja, tukamwamkia vizuri maana adabu zako ninazo bado, tukasema kila mtu anataka barua yake ya kuachishwa, yenye jina, sababu na muhuri. Akauliza kama hatumwamini. Nikamwambia hatutoki. Tulikaa kwenye korido mpaka saa tisa, nyani wakaingia wakala mikate ya wageni, hakuna wa kuwafukuza. Ungekuwepo ungechukua mpira wako wa maji huku unacheka. Mwisho akaandika, zote sita.

Juzi nimezipeleka Morogoro. Binti yule yule. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, lakini alisoma, akagonga muhuri, akasema zimekamilika, tusubiri ujumbe kwenye simu. Haikufika nusu saa. Nilikaa kwenye ngazi za pale nje nikalia, watu wakadhani nimenyimwa. Ni karatasi moja tu iliyokuwa inatakiwa. Moja.

Watu wa hoteli nyingine wameanza kunifuata niwaandikie. Nakuahidi hakuna atakayeaga kwa mwandiko wangu kabla hajashika karatasi yake mkononi. Akishaishika, nitamwandikia shukrani hata kurasa tatu, na Mungu awabariki nitaweka.

Wewe nakuaga, kwa kuwa ndivyo ulivyonilea. Lala salama, Baba, msalimie Bibi. Ila sitaandika kwamba uliondoka kwa hiari. Naandika hapa, kwa mwandiko ule ule waliouweka kwenye faili lako: Baba yangu hakuacha kazi. Aliachishwa.

Mwanao,
Esta