Dawa ya Barafu

Jumatatu, 13 Januari

Uwanja wa ndege, saa kumi na mbili asubuhi. Nimechuruza mafuta kidogo kutoka chini ya tangi la gari la mafuta kama kila siku, nikainua chupa kwenye mwanga. Safi. Hakuna tone la maji. Nimesaini, Mzee Ramadhani kasaini chini yangu.

Mama anasema watu wa kijijini Zuzu bado wanamwuliza kama kweli mimi hupanda juu ya bawa la ndege. Kweli. Kabla ya hapa nilikuwa napima unyevu wa mahindi sokoni Kibaigwa. Mzee Ramadhani alikuja kununua magunia mawili, akanikuta nabishana na dalali aliyetaka niandike kavu kwenye mahindi mabichi. Akasema mbishi kama huyu anafaa kwenye mafuta. Mwaka wa nne huu. Yeye ndiye msimamizi wangu, na kila ninachojua mikono yangu ilijifunza kwake.

Ndege mbili tu leo. Mvua kidogo mchana.

Jumanne, 14 Januari

Jeti ndogo imetua saa nane. Ya kukodi, imekuja kubeba mgonjwa. Kapteni anaitwa Lema, Mtanzania anayerusha ndege za watu nje. Ana msaidizi mmoja na daktari mmoja.

Mgonjwa ni Injinia Salome. Kila mtu mjini kasikia habari zake: alianguka kutoka kwenye jukwaa la daraja wanalojenga, akaumia uti wa mgongo. Bima ya kazini kwake inampeleka Ujerumani kupasuliwa. Miguu haina hisia. Daktari anasema kila siku inayopita inapunguza matumaini. Kuondoka kesho saa nne asubuhi.

Nilikuwa naandaa karatasi za kujaza mafuta. Kapteni Lema akasema, kama mtu anayeuliza saa tu, "Yenu yameshachanganywa na dawa ya barafu, si ndiyo?"

Nikasema sijui kama yamechanganywa.

Akanionyesha simu. Fomu yetu, tuliyotumiwa wiki iliyopita kwa Kiingereza. Swali la dawa. Jibu: ndiyo. Sahihi ya Mzee Ramadhani.

Nikasema nitauliza. Muongo mimi. Nilikuwa najua jibu.

Jioni, nyumbani Ipagala. Sijala. Naandika ili nione kama nimeelewa vizuri. Kule juu baridi inazidi ya friji yoyote. Ndani ya mafuta kuna maji machache yaliyojificha, hata chupa yangu haiyaoni. Yakiganda yanakuwa chembe za barafu, zinaziba chujio, injini inakosa mafuta. Ndege kubwa zina kifaa cha kuyapasha moto mafuta. Hii haina. Inategemea dawa. Nchi nyingine kuna viwanja vinavyouza mafuta yenye dawa tayari. Kwetu hapana. Nilifundishwa hivyo Dar kwenye kozi. Mzee hakwenda kozi ile, alinipa nafasi yake.

Jumatano, 15 Januari

Siku mbaya.

Nilimwamkia mzee, nikamwomba tutoke nyuma ya stoo. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema mafuta yetu yana dawa, yeye anajua, ipo. Nikagundua kosa lilipotokea. Anasema ile dawa nyingine, ya kuzuia cheche za umeme mafuta yanapopita kwenye bomba. Ile ipo kweli. Fomu iliuliza juu ya dawa, yeye akajibu juu ya dawa. Kiingereza kile kilikuwa kirefu, hakutaka kumwuliza mtu.

Nikasema, "Mzee, hii ni nyingine."

"Hiyo ndege imekuja salama, itarudi salama."

"Imekuja na mafuta ya kwao."

Halafu akasema neno ambalo nitakaa nalo muda mrefu: "Mwanangu, nimebakiza miezi mitatu nistaafu. Leo ndiyo unataka nionekane mjinga?"

Nilimwambia tu kwamba sitajaza. Akitaka, apande bawani mwenyewe. Sijawahi kusema naye hivyo. Akaondoka bila kuniangalia.

Nilikaa kwenye ngazi ya gari la mafuta. Nikajiwekea dakika kumi. Zikiisha naenda kwa kapteni mwenyewe, liwalo na liwe. Nilijichukia na nilijua niko sahihi, vyote kwa pamoja.

Dakika ya saba hivi nikamwona mzee anavuka uwanja kuelekea kwenye jeti. Kofia mkononi. Nikamfuata kwa mbali. Kapteni alikuwa chini ya bawa. Mzee hakuzungusha maneno. Alisema, "Kapteni, nilijibu fomu yako vibaya. Sikulielewa swali, na sikuuliza. Mafuta yetu hayana dawa hiyo. Huyu binti ndiye aliyejua."

Nilidhani kapteni atamtukana. Akaketi kwenye tairi la jeti, akajishika kichwa. Kisha akasema, "Asante kwa kuniambia nikiwa bado chini."

Basi tukaanza kuhesabu njia. Makopo yake ya dawa aliyamaliza njiani, kwa kuamini fomu yetu. Mafuta yaliyobaki kwenye tangi hayamfikishi Dar kwa usalama. Kitabu cha ndege kinamkataza kuongeza mafuta yasiyo na dawa, hata kwa safari fupi. Daktari akapiga simu Ujerumani. Chumba cha upasuaji kitamsubiri Salome hadi Ijumaa. Baada ya hapo anapewa mwingine.

Kapteni akapata karakana ya ndege Dar yenye katoni moja ya dawa hiyo. Haiwezi kupanda ndege ya abiria wala treni, ni makopo ya gesi, yanawaka. Lazima barabara. Nikampigia Chilewa, dereva wa lori niliyekuwa nampimia mahindi Kibaigwa. Bahati: yuko Dar, kashusha mzigo, anarudi Kibaigwa tupu leo. Akasema, "Dada, nipe jina la hiyo karakana."

Alhamisi, 16 Januari

Saa mbili asubuhi tulikuwa Kibaigwa na pikapu ya kazini, mzee na mimi. Njia nzima hatukusema zaidi ya maneno kumi. Lori lilitakiwa kufika saa tatu. Saa tatu, hakuna. Saa nne, hakuna. Simu ya Chilewa haipatikani. Malori mengine yalikuwa yanaingia, madalali wanayakimbilia, vumbi la mahindi kwenye kope. Niliomba Mungu kimyakimya, halafu kwa sauti.

Mzee alinunua viazi vya kuchemsha, akanipa kikubwa. Akasema, "Ulifanya vizuri kuniambia mimi kwanza." Basi. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Saa tano kasoro Chilewa akaingia. Lori lingine lilikuwa limelala barabarani milimani, foleni ndefu, mtandao hakuna. Katoni alikuwa ameifunga kwa mkanda kwenye kiti cha abiria kama bibi harusi. Nilimkumbatia mbele ya soko zima.

Saa saba tuko uwanjani. Salome alishafika na gari la wagonjwa. Nilimwona kwa mara ya kwanza. Mdogo kuliko nilivyofikiri, kama mimi. Amelala chali, kafungwa shingo, macho yanahesabu mawingu. Aliniuliza mimi ni nani. Nikasema mimi wa mafuta. Akasema, "Kumbe ndiyo nyie mnanichelewesha." Nikasema ndiyo, dada, samahani. Akatabasamu. "Cheleweni vizuri basi."

Glavu ndefu, miwani, aproni ya mpira. Dawa ile haitakiwi kugusa ngozi wala rangi ya ndege, na haimwagwi tu tangini. Inapulizwa ndani ya mafuta yanapotiririka, kidogo kidogo, mpaka mwisho. Mafuta kwanza, ndipo dawa. Mafuta yakikata, dawa iwe imeshakata. Mimi bawani, mzee kwenye pampu, kapteni pembeni na saa na daftari.

Kopo la kwanza sawa. La pili sawa. La tatu likaanza kukohoa. Linatoa, linaacha. Nikapiga kelele, "Funga!" Mzee alifunga kabla sijamaliza neno. Mkono wake ule haujazeeka. Kapteni akapiga hesabu ya mafuta yaliyopita bila dawa. Lita chache, kiwango cha dawa bado kimo ndani ya kile kinachoruhusiwa na kitabu. Tukabadili kopo. Tukaendelea. Mabega yaliniwaka moto.

Mwisho kapteni alipitia hesabu mara mbili, akanipa nisaini. Makopo yaliyobaki akayafungia sandukuni kwa ajili ya vituo vya njiani. Akampa mzee mkono. Mzee akaushika kwa mikono miwili.

Imeruka saa tisa na dakika ishirini. Ikazama kwenye mawingu upande wa kaskazini.

Ijumaa, 17 Januari

Sina kazi ya mikono inayotosha. Nimeosha gari la mafuta mara mbili. Yale makopo yaliyobaki yalitosha? Lile lililokohoa?

Saa nne asubuhi, ujumbe wa kapteni. Nanakili hapa nisije nikaupoteza: "Tumefika. Baridi ya kutisha njia nzima, injini hazikushtuka hata mara moja. Mgonjwa anaingizwa sasa. Mwambie mzee."

Nikamsomea mzee. Akatoka kwenda kuswali, akakaa huko muda mrefu kuliko kawaida.

Jumapili, 19 Januari

Kanisani, kisha Zuzu. Uwele wa mama umeota vizuri mwaka huu. Nimepalilia naye mistari mitatu, mgongo ukanikumbusha bawa. Nimemsimulia kila kitu. Aliuliza swali moja tu: yule mzee hakukufukuza? Nikasema hapana, mama. Akasema basi ni mtu.

Jumatano, 29 Januari

Kapteni katuma picha. Salome kaketi kwenye kiti, blanketi magotini, theluji dirishani. Chini kaandika kwamba juzi alisikia maji ya moto kwenye unyayo wa kushoto. Wa kulia bado. Madaktari hawaahidi kitu. Lakini wa kushoto alisikia.

Nimeiangalia picha mara nyingi sana.

Jumatatu, 3 Februari

Mvua tangu asubuhi. Hakuna ndege.

Mzee Ramadhani alikuja na daftari jipya la shule na kalamu mbili. Akaliweka mezani kati yetu, akavuta kiti upande wangu. Akasema nianze na maneno ya Kiingereza ya kwenye fomu, yale ya kila siku, na nisimwonee huruma.

Leo maneno manne. Mwandiko wake mzuri kuliko wangu. La tatu lilimshinda, akacheka mwenyewe, akaliandika tena mpaka likakaa.

Tulisoma hadi saa kumi.