Pamba Ilikuwa Ndani

Bariadi, 2 Juni 2024

Mayu mpendwa,

Mwadila mayu. Naamini barua hii inakukuta mzima, na goti lile limekuonea huruma msimu huu wa kuvuna. Mimi sijambo, ni vumbi tu la Bariadi linalonipigisha chafya. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu hatusikilizani. Wewe unapanda kichuguuni kutafuta mtandao, na nusu ya kijiji inapanda na wewe kusikiliza habari zangu.

Kozi yangu ya upigaji picha inakwenda. Najua baba mdogo Machibya bado anauliza ni shahada gani ya uzamili isiyokuwa na darasa. Mwambie chuo kiko ng'ambo na mimi niko hapa hapa studio kwa Ladislaus. Masomo yanawekwa mtandaoni, nayafuata nikipata nafasi, kati ya mteja wa paspoti na mteja mwingine. Kila baada ya wiki mbili wanafunzi wote tunakutana kwenye kompyuta, kila mtu na nchi yake, tunaonyeshana picha na mwalimu anatuambia ukweli. Mimi hadi sasa ananiambia "nzuri" na kupita. Wenzangu anakaa nao nusu saa.

Sasa tumefika kazi ya mwisho. Nimechagua kupiga picha za nyumbani, na nyumbani ni wewe. Naomba nije hivi karibuni, maana muda wa kuwasilisha umekaribia.

Msalimie mdogo wangu Salu. Mwambie aache kuvaa viatu vyangu.

Mwanao,
Milembe


Migato, 8 Juni 2024

Ng'wana wane Milembe,

Tumsifu Yesu Kristu. Barua yako Jilala ameileta na basi lake, imekunjwa kama noti ya sadaka lakini inasomeka. Sisi wazima. Goti ni lile lile, linauma likijisikia.

Kuja njoo, hapa ni kwako, huombi. Ila mbona umechagua wakati mbaya hivyo? Mwaka huu pamba imetukubali. Tangu baba yako afariki sijaona mavuno kama haya. Chumba changu kimejaa, chumba cha wageni kimejaa, sebuleni imefika dirishani. Vitanda tumevitoa nje, masufuria nje, mimi na Salu tunalala barazani kama walinzi wa ghala. Unajua mwenyewe, wewe umekuzwa juu ya pamba. Subiri wanunuzi waje wapime, turudishe vitu ndani, tupake chokaa, ndipo uje na kamera yako.

Kama huwezi kusubiri, basi sharti langu ni moja. Nitavaa sare yangu ya WAWATA, ile ya akina mama wa kanisani, na viatu, nisimame mbele ya mlango, na bati lionekane. Baba yako alikufa bado analisifia lile bati. Nataka hao walimu wako wamwone mama aliyekuzaa na nyumba uliyotoka.

Machibya nimemjibu. Nimemwambia mwanangu akisema anasoma, anasoma.

Mama yako


Bariadi, 14 Julai 2024

Mayu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Nilifika salama siku ile, na michembe ya viazi uliyonifungia Ladislaus ameimaliza yeye peke yake, kisha akauliza kama ipo mingine.

Nakutumia picha yako ndani ya fremu. Mwambie Jilala asiweke mzigo juu yake. Tazama ulivyosimama, mayu, kama mkuu wa wilaya! Bati lipo, mlango upo, viatu vipo. Nimeisafisha vizuri na karatasi niliyotumia haipauki upesi.

Kazi nimeshaiwasilisha chuoni. Nikipata majibu nitakujulisha.

Mwanao,
Milembe


Migato, 28 Julai 2024

Ng'wana wane,

Mwadila. Tu wazima wote, Mungu anasaidia. Wabeja sana kwa picha. Nimeipigilia sebuleni, ukutani pale ulipofikia ule mlima wa pamba, maana sasa imeuzwa na nyumba imepumua. Kila anayeingia namkalisha mahali ambapo lazima aione. Mama Mwandu aliitazama hadi chai ikapoa, akasema, "Kumbe na wewe ulikuwa mzuri." Nilimwuliza hiyo "ulikuwa" ameitoa wapi.

Jambo moja. Zile picha za asubuhi, kabla sijaoga, uliponikalisha chini karibu na kitanda, nina gauni la shambani lililochanika kwapani. Ulisema ni za kupima mwanga tu na utazifuta. Umeshazifuta? Nauliza tu, kwa sababu sijaona mtu anapima mwanga muda mrefu vile.

Majibu yakitoka niambie mimi kwanza. Nataka nitangaze kwenye jumuiya.

Mama yako


Bariadi, 6 Oktoba 2024

Mayu mpendwa,

Natumaini hujambo na maandalizi ya shamba yanaendelea. Mimi nipo.

Nimefaulu mayu. Kazi yangu imekuwa ya kwanza kati ya wote. Mwalimu aliizungumzia kipindi kizima. Wameiweka kwenye maonyesho ya chuo ya mtandaoni, dunia nzima inaweza kuitazama. Usihangaike kuitafuta, ni mambo ya wasomi na maelezo yote ni ya Kiingereza.

Naandika kwa haraka, wateja wamejaa. Watangazie jumuiya.

Mwanao,
Milembe


Migato, 19 Januari 2025

Milembe,

Sisi ni wazima. Nimeanza na hilo kwa sababu huenda huko watu wanadhani nimekufa.

Juzi gari jeupe lilisimama hapa nyumbani. Alishuka mama mmoja anaitwa Georgina, na vijana wawili, wana kikundi cha kusaidia wajane huko mjini. Juu ya gari godoro, ndani unga na blanketi. Mimi nilikuwa napalilia, nikaja na jembe langu mkononi. Yule mama akanishika mkono, machozi yanamlenga. "Pole sana mama. Tumeambiwa unalala nje."

Nikamwuliza, "Nani kawaambia?"

Akatoa simu yake. Nikajiona. Nimekaa chini, gauni limechanika, kichwa wazi, kitanda kimesimama nyuma yangu na masufuria mawili pembeni kama vitu vya mtu aliyefukuzwa. Mlango umeukata. Bati umelikata. Kulikuwa na maneno ya Kiingereza chini. Bwana Kristofa, yule bwana shamba wetu, alikuwa amekuja kuangalia wadudu wa pamba, nikamwomba anisomee. Alisita. Nikamwambia soma, wewe ni mtu wa serikali. Akasoma: "Mjane huyu hana tena nyumba. Kilichobaki ni kitanda hiki, na hapa ndipo anapolala." Na chini yake jina lako, na jina la baba yako, na jina la kijiji chetu.

Majirani walikuwa wameshajaa. Mama Mwandu alikuwepo. Machibya alikuwepo, na safari hii hakuuliza kitu chochote kuhusu shahada yako. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko kama angecheka.

Nilimkaribisha Georgina ndani. Nikamkalisha mahali pale ninapokalisha wageni, akaona picha ya ukutani, akaniangalia, akaiangalia tena. Maskini, kosa si lake. Nilichinja jogoo, wakala wakashiba. Godoro nikawaambia walipeleke hospitali, kuna wazazi wanalala wawili wawili.

Wale wa ng'ambo siwalaumu. Hawajawahi kuona pamba ikilala ndani na watu wakilala nje. Georgina pia simlaumu, amezaliwa mjini. Lakini wewe, Milembe? Ule ulikuwa mwaka wetu wa neema. Ulifungua mlango mwenyewe ukaingiza kichwa, ukapiga kelele ya furaha hadi Salu akakimbia kuja kuona kuna nini. Kati ya watu wote walioitazama picha ile, wewe peke yako ulijua pamba ilikuwa ndani.

Nijibu.

Mama yako


Bariadi, 26 Januari 2025

Mayu wangu,

Sijui nikusalimie vipi. Shikamoo. Naomba usiichane barua kabla ya kuimaliza.

Ni kweli nilisema nitazifuta. Kabla ya kuwasilisha tulikutana kwenye kompyuta, nikawaonyesha picha zako za sare. Mwalimu akasema "nzuri", kama kawaida yake. Nikawa natafuta nyingine ya kumwonyesha, ile ya asubuhi ikapita kwenye skrini. Akasema, "Rudi hapo." Akaisogelea skrini. Kisha akauliza, "Amepoteza nyumba yake?" Mwenzetu mmoja alikuwa anafuta machozi. Mayu, mwaka mzima na nusu nilikuwa nasubiri mtu asimame kwenye picha yangu. Nilifungua mdomo nieleze habari ya pamba, nikanyamaza. Maneno ya chini walipendekeza wao. Mimi nilisema sawa.

Najua nimekukosea, na siwezi kujitetea. Lakini kuna jambo na lazima niliseme. Chuo kinataka kuichapa picha hiyo kubwa na kuitundika kwenye ukumbi wao. Kabla ya hapo wanahitaji maandishi kutoka kwako, kwamba umeridhia na kwamba maelezo ni ya kweli. Yasipofika wataanza kuuliza, na wakiuliza wataikagua kazi yote upya, na shahada yenyewe inaweza kwenda. Nitabaki napiga picha za paspoti kwa Ladislaus hadi nizeeke.

Mistari miwili tu, mayu. Andika kwa Kiswahili, mimi nitatafsiri. Baada ya hapo sitakusumbua tena kwa jambo lolote, na nikija nitapiga magoti mbele ya majirani wote.

Mwanao,
Milembe


Migato, 2 Februari 2025

Milembe,

Marahaba. Tumeamka salama, mvua ni nzuri.

Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaenda shambani, nikarudi nikaisoma tena. Unaomba nikusaidie kunisingizia. Nimelia, sitakuficha. Sikulia hivyo hata siku gari lile lilipokuja, maana siku ile nilikuwa bado nadhani utaona aibu.

Hata hivyo wewe ni mtoto wangu, na umesoma kwa shida, nimeona. Sitaki shahada yako iende. Picha yao waibakize. Waitundike hata kanisani kwao. Hiki hapa ndicho nilichowaandikia walimu wako:

"Walimu wa mwanangu, nawasalimu. Mimi ni Kwandu, mama yake Milembe, wa Migato. Aliye kwenye picha ni mimi na ninaridhia ionekane. Kitanda kiko nje kwa sababu ndani mlijaa pamba. Ilikuwa nyingi kuliko miaka yote tangu nifiwe na mume wangu. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na bati. Gauni lile ni la kuvunia. Msimwadhibu mtoto kwa kunyamaza, alikuwa anataka sana kusifiwa. Badilisheni maneno ya chini, basi. Karibuni Migato mje mle nyama."

Nimefikiria nimpe Bwana Kristofa ayaweke kwa Kiingereza. Nimekataa. Utayatafsiri wewe, neno kwa neno, kama yalivyo. Pale uliponyamaza ndipo ninapokurudisha, useme. Ukifanya hivyo mengine yote yamekwisha, na Machibya mimi mwenyewe nitamfunga mdomo.

Nasubiri basi la Jilala.

Mama yako


Migato, 1 Juni 2025

Milembe,

Sijui kama u mzima. Jilala anasema anakuona studio ukipita na kamera, kwa hiyo nachukulia kwamba u mzima.

Nilikuwa nikienda barabarani kila basi lake linapopita. Mwanzoni alikuwa akinipungia mkono kwamba leo hakuna. Baadaye akawa anajifanya anapanga mizigo ili asinitazame. Nikaacha kwenda, nimhurumie na yeye.

Jana Bwana Kristofa alikuja kutuonyesha namna ya kufunga marobota. Nikamwomba afungue ile picha kwenye simu yake. Bado ipo. Sasa kuna na picha nyingine, ya ukumbi mkubwa, na mimi nimetundikwa ukutani na gauni langu lililochanika, watu wamesimama wananitazama wameshika glasi. Maneno ya chini ni yale yale. Wameongeza mstari mmoja tu. Bwana Kristofa alinisomea polepole: mwenye picha amesomewa maelezo haya, ameridhia kwamba ni ya kweli, na anakishukuru chuo.

Nilimwuliza kama kuna mahali wameandika pamba. Akatafuta, akashuka hadi chini kabisa, akapanda tena juu. Akasema hapana mama, hakuna.

Kwa hiyo barua yangu ilifika. Ulikaa nayo, ukaisoma, ukachukua salamu na "ninaridhia", mengine ukayakata kama ulivyolikata bati. Mara ya kwanza ulinyamaza. Mara hii umesema, na umesema kwa mdomo wangu.

Mwaka huu pia tumevuna. Ndani kumejaa, vitanda tumetoa nje. Ile picha ya sare nimeishusha ukutani nisije nikaifukia, na nikiwa nimeishika nikaona sitairudisha. Nimempa Salu aiweke kwake. Yeye alikuwepo, anajua siku ile ilivyokuwa.

Mwaka jana nilikuandikia kwamba kuja nyumbani huombi. Sasa utaomba. Utaandika barua, Jilala ataileta, nitaisoma, nitaona. Mvua ikinyesha au jua likiwaka, mlango upo pale pale ulipouacha, na bati juu yake.

Ni mimi, mwenye picha,
Kwandu wa Migato